Masharti Matatu Aliyovunja Wambura kwa Siku Moja

Yowe lilipigwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, siku ya Jumatatu. Dakika nazijua kwa sababu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyepanga nyumba ng'ambo ya korongo, alikuwa na saa ya mkononi na mazoea ya kuitazama kila anapoamshwa. Mimi sikulisikia. Nilikuwa nimelala nyumbani kwangu Mukendo, mjini Musoma, mwendo mrefu kutoka hapo Butiama. Habari ya yowe hilo niliipata siku mbili baadaye, nilipokuwa nimekwisha kufanya kosa kubwa kuliko yote katika kazi yangu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya uangalizi, ile ambayo watu wa huku wanaiita probesheni. Mmesomeshwa vizuri kuliko sisi. Mimi niliingia ofisini na cheti cha darasa la nane na mwandiko unaosomeka, na sheria nilijifunza mwenyewe, jioni kwa jioni, kutoka kwenye kitabu kimoja kilichokuwa stoo ya mahakama. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo kwa miaka miwili nilijua sheria ya uangalizi inavyoanza bila kujua inavyoishia. Ilikuwa hasara, kwa sababu mambo ya mtu aliyevunja masharti yalikuwa huko huko mwishoni.

Nitayaeleza kwa kifupi ili tuelewane. Mtu amepatikana na hatia. Badala ya kumpeleka gerezani, hakimu anamwachia arudi kwake kwa muda fulani, kwa masharti yaliyoandikwa, na mtu kama mimi anapewa kazi ya kumwangalia. Akimaliza muda wake salama, basi. Akivunja sharti, mimi napeleka taarifa, naye anaitwa kwa samansi au anakamatwa kwa hati. Mbele ya hakimu, anaweza kuonywa na kuachiwa aendelee. Anaweza kutozwa faini ndogo na bado aendelee. Au hakimu anaweza kuifuta amri yote na kumhukumu upya kwa lile kosa la kwanza, kana kwamba ile huruma haikuwahi kutolewa. Watu wengi hawalijui hili la mwisho. Wanafikiri kosa la zamani limekwisha. Halijaisha, limewekwa kando, na karatasi yangu ndiyo inayoweza kulirudisha mezani.

Wambura alikuwa kibarua wa kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda. Ilikuwa miaka ile ambayo duka la kijiji likipata khanga kumi, watu mia wanapanga foleni, na mche wa sabuni unakatwa kwa uzi ili kila nyumba ipate kipande. Mkewe, Nyangeta, alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa anafunikwa kwa gunia la chumvi lililofuliwa. Siku moja Wambura akatoka getini amejizungushia tumboni yadi sita za kitambaa cha kufungia marobota. Mlinzi akashangaa kuona kijana mwembamba amenenepa kati ya asubuhi na saa tisa. Alipopekuliwa akakutwa pia na kisu kiunoni. Kilikuwa kisu cha kazi cha kukatia kamba, lakini hati ya mashtaka haina nafasi ya kueleza kisu ni cha nini.

Hakimu alimsikiliza. Akamwambia kwamba kibarua anayemwibia mwajiri wake yeye amezoea kumfunga miaka miwili, ila kwa sababu ya yule mtoto, na kwa kuwa ni kosa la kwanza, atampa miaka miwili ya uangalizi nyumbani kwake Butiama. Masharti yalikuwa matatu. Aripoti ofisini kwangu Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Asikanyage Bunda bila ruhusa yangu ya maandishi, kwa sababu huko ndiko walikokuwa rafiki zake wa mambo hayo. Asitembee na silaha ya aina yoyote. Wambura aliyarudia kwa sauti mara mbili, kisha akauliza kama jembe ni silaha. Hakimu akamwambia inategemea analishikaje.

Kwa miezi kumi na minne hakukosa hata mara moja. Wakati huo madaftari yalikuwa hayapatikani, kwa hiyo mahudhurio niliyachorea mistari kwa rula nyuma ya fomu za zamani za ununuzi wa pamba, nikazishona kwa uzi wa viatu. Mstari wa Wambura ulikuwa na saini kumi na nne zilizofuatana, na nakiri kwamba nilikuwa najivunia mstari ule. Jihadharini na fahari ya namna hiyo. Inakufanya uupende mstari kuliko mtu.

Nilikuwa nimeonywa. Aliyenifundisha kazi hii hakuwa afisa, alikuwa karani wa mahakama, Mzee Ramadhani, mzaliwa wa Mwigobero, mtoto wa mwuza nguo. Mahakimu walikuwa wanakuja na kuhamishwa, yeye alikuwa pale pale na kofia yake na wino wake. Ni yeye aliyenisomea kwa kichwa zile kurasa zilizoliwa na mchwa. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi nikaichoka: ukitaka kupeleka taarifa ya mtu aliyevunja masharti, iandike leo, ilaze kwenye droo, kesho nenda mpaka mlangoni kwake, ukirudi ndipo uisome tena. Akasema, kati ya taarifa kumi utakazolaza, chache zitaamka.

Na ni kweli. Mwoka mikate mmoja wa mjini alimaliza mwaka wake wa uangalizi, nikampa mkono, nikamwambia yuko huru. Mwezi uliofuata nikamkuta tena kwenye benchi langu, na mwezi uliofuata tena. Nikaogopa kwamba amefanya kosa jipya na ameshindwa kulisema. Nilipokwenda nyumbani kwake nikaelewa. Alikuwa na watoto saba na mke mwenye kazi nyingi za kugawa. "Nikisema naenda kahawani napewaga mtoto nimbebe," akaniambia. "Nikisema naenda kwa Bwana Probesheni, hakuna anayeniulizaga kitu." Nikamwacha aendelee kuja. Alikuwa analeta mkate.

Sasa turudi kwenye ile Jumatatu. Ilifika saa tatu, saa ambayo Wambura huwa amefika, benchi likiwa tupu. Saa sita nikawaza kwamba lori limeharibika. Saa tisa na nusu nikachora duara jekundu mahali pa saini ya kumi na tano, na nakumbuka nililichora kwa hasira.

Jumanne saa mbili asubuhi akaja dereva wa lori la pamba, mtu wa Mwanza, kuleta karatasi ofisi ya jirani. Alimfahamu Wambura kwa sababu zamani Wambura alikuwa akimpakilia marobota. Akasema kwa kupita tu, kama anayesalimia, kwamba jana jioni kabla ya jua kuzama alimwona yule kijana wetu Bunda, nyuma ya kiwanda, na kundi la wanaume. Ana panga mkononi na upinde begani. Hawakumsalimu, wakapita kwa haraka wakitazama chini.

Fikirini mnavyoyasikia maneno hayo mkiwa mmekaa ofisini. Hakuripoti. Yuko Bunda. Tena nyuma ya kiwanda kilekile. Ana silaha mbili. Masharti matatu, yote kwa siku moja. Mtu aliyekulia vijijini angesimama kwenye yale maneno ya "wakitazama chini" na kuuliza walikuwa wanatazama nini. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa mjini. Sikuuliza.

Taarifa niliiandika saa mbili na nusu. Nilikuwa na nia ya kuilaza, naapa. Lakini saa tatu nikasikia kwamba gari la polisi limepata mafuta na mchana linakwenda Butiama kwa shughuli nyingine. Ninyi mnaosoma leo, wakati mafuta yanauzwa kwenye chupa kila kona, hamwezi kuelewa maneno hayo yalikuwa na uzito gani. Gari lile liliweza kukaa mwezi mzima juu ya mawe. Nikajiambia, likienda leo bila hati yangu, nitangoja hadi lini? Mzee Ramadhani aliisoma taarifa, akanitazama juu ya miwani, akauliza kama nimekwenda mlangoni. Nikamweleza habari ya gari. Akaipeleka kwa hakimu, na saa tano hati ya kumkamata Wambura ilikuwa imesainiwa na kugongwa muhuri.

Askari walifika Butiama, wakamkosa, wakarudi. Kwenye hati iliandikwa neno moja: hajapatikana.

Jumatano asubuhi Nyangeta alikuwa amekaa kwenye benchi langu, mtoto mgongoni. Alikuwa amepanda lori la mkaa hadi Buhare na kutembea kipande kilichobaki. Miguu yake ilikuwa myeusi kwa vumbi la mkaa hadi magotini. Nilimwambia karibu mama, akae vizuri, nikamuuliza mumewe amekimbilia wapi.

"Hajakimbia," akasema. "Ameenda kwenye nyayo."

Ndipo akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Usiku ule wezi walikuwa wamevunja zizi la Mzee Masige, jirani yao, wakatoa ng'ombe kumi na mmoja. Alfajiri yowe likapigwa. Yowe la ng'ombe likipigwa, kila mwanamume mwenye miguu anachukua silaha yake na kukimbilia lilikotoka, anashika nyayo pamoja na wenzake, na hairuhusiwi kuziacha mpaka ng'ombe wapatikane au nyayo zipotee. Hakuna anayeuliza una safari gani. Wanaume wote wa mtaa ule walikwenda, na nyayo zilishuka kuelekea Bunda.

Nikamuuliza kwa nini Wambura hakubaki, akijua ana masharti. Hakuinua sauti. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Asiyeenda anahesabiwa ni mwenzao na wezi. Anatozwa, halafu hasalimiwi. Na huyu wangu ana jina tayari, Bwana Probesheni. Aliyeiba kitambaa angelala ndani siku ya yowe, watu wangeshindwa nini kusema ndiye aliyefungua zizi? Mlitaka akae ili ninyi mumuone mwema, sisi tuchomewe nyumba?"

Mtoto akaanza kulia, akamhamishia mbele na kumnyonyesha, nami nikakaa nikitazama lile duara jekundu. Kisha akasema jambo lililomleta hasa. Kuna watu waliotumwa kutoka kwenye nyayo kuja kuchukua chakula, wamesikia habari ya polisi, na mmoja amerudi mbio kumwambia Wambura asirudi nyumbani. Ana shemeji yake ng'ambo ya mpaka, Kenya. Wanamshauri akitoka kwenye nyayo apitilize moja kwa moja.

Nilimpeleka kwa Mzee Ramadhani, nikamsimulia yote huku nimesimama. Alifuta miwani yake. Nilimuuliza kama hati inaweza kurudishwa.

"Taarifa iliyolazwa ingebaki kwenye droo," akasema. "Hati hii imesainiwa. Anayeweza kuiondoa ni hakimu tu, na hakimu hawezi kuiondoa kwa mtu ambaye hayupo." Akairudisha miwani usoni. "Sikiliza, mwanangu. Mpaka sasa huyo kijana ana sababu. Akivuka mpaka, sababu inakwisha, anakuwa mtoro. Na akiletwa na askari amefungwa pingu, hakimu ataiona pingu kwanza, sababu baadaye. Mlete kwa miguu yake mwenyewe. Na safari hii nenda mlangoni."

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Musoma kwa baiskeli, kwa sababu lori sikupata. Tairi la nyuma lilikuwa na viraka vingi kuliko mpira. Lilipasuka mara ya kwanza nikiwa bado naona nyumba za mji, na mara ya tatu nililijaza majani makavu, nikaendelea hivyo hivyo, nikiruka kama mtu aliyepanda punda. Nilifika kwa Wambura saa sita kasoro robo.

Ng'ombe walikuwa wamepatikana. Tisa kati ya kumi na mmoja, porini mbele ya Bunda, na wanaume walikuwa wamerudi nao asubuhi ileile. Wambura alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, mguu mmoja mtupu, mwingine una kandambili iliyofungwa kwa kamba ya katani. Pembeni yake palikuwa na furushi. Alinitazama, akatazama barabara nyuma yangu kuona kama nina watu.

"Niko peke yangu," nikamwambia.

"Unatembeaje na tairi la majani, Bwana Probesheni?"

"Kama ulivyotembea na kandambili moja."

Hakucheka, lakini alinisogezea kigoda. Nikakaa, nikamwambia kwanza kwamba hati niliiomba mimi, kwamba sikuja kuuliza, na kwamba lilikuwa kosa langu. Vijana, semeni hilo mapema. Mtu akilisikia kutoka kwa mwingine baada ya kukuamini, hatakuamini tena. Mzee Masige, mwenye ng'ombe, alikuwa amefika kuniangalia, na wanaume wengine wawili watatu nyuma yake, bado wana pinde.

Wambura akauliza akija Musoma atafanywa nini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: anaweza kuonywa, anaweza kutozwa faini, au hakimu anaweza kuifuta amri na kumhukumu kwa kitambaa.

"Hiyo ya kitambaa ndiyo ile miaka miwili?"

"Alisema amezoea miwili."

"Na wewe utamwambia asinifunge?"

"Nitamwambia nilichokiona hapa. Kufunga au kuacha ni yeye. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Mmoja wa wale wanaume akasema kwa lugha yao maneno ambayo sikuyaelewa, ila niliona mkono wake ukionyesha upande wa mpaka. Wambura akalishika furushi. Nilitaka kusema mengi wakati ule, na nashukuru kwamba nilisema machache. Nilimwambia akivuka leo, hati haifi. Itakaa Musoma ikimsubiri miaka yote, na siku atakaporudi kumwona mtoto wake, hata kama ni kwa siku moja, haitauliza tena habari ya ng'ombe wa Masige, itauliza kwa nini alikimbia.

Nyangeta alikuwa amerudi jana yake na alikuwa amesimama ndani ya mlango. Alitoka, akalichukua lile furushi mkononi mwa mumewe, akalifungua pale chini mbele yetu sote. Palikuwa na shati, kipande cha sabuni na muhogo uliochemshwa. Shati akalikung'uta, akampa.

"Vaa hili," akasema. "La mwilini lina damu ya miiba. Utasimamaje mbele ya hakimu?"

Mzee Masige akasema, kwa neno la kwao la kumwita kijana, "Mura, nenda. Na mimi naenda. Kama wanataka kujua ulikuwa wapi, mimi ndiye niliyekuita, ingawa sikukuita kwa jina."

Ijumaa saa tatu tulikuwa mahakamani: Wambura, mkewe na mtoto, Mzee Masige, mwenyekiti wa kijiji, na wanaume sita ambao hakuna aliyewaalika. Walitaka kuingia na pinde. Mzee Ramadhani akawapokea mlangoni kwa heshima zote, akawaambia hapa upinde unalala stoo, na akamwandikia kila mmoja kikaratasi. Yeye mwenyewe alimwambia hakimu, kabla ya jambo lingine lolote, kwamba anayetafutwa kwa hati amekuja mwenyewe bila kukamatwa. Niliona hakimu akiliandika hilo kwanza.

Kisha akaniita mimi. Alisoma taarifa yangu, akaiweka chini.

"Bwana Afisa, kabla ya kuleta ombi hili ulikwenda nyumbani kwa huyu mtu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu. Nikayaacha. "Kwa sababu gari la polisi lilikuwa na mafuta, mheshimiwa."

Watu walicheka, hata askari wa zamu. Hakimu hakucheka. Aliliandika jibu langu lote, polepole, na mpaka leo limo kwenye jalada, kama mchwa hawajalifikia.

Akamuuliza mwenyekiti wa kijiji kingetokea nini kama Wambura angebaki nyumbani. Mwenyekiti akajibu kwamba angetozwa ng'ombe mmoja, na kama hana, angehama. Akamuuliza Mzee Masige kama alimwona Wambura kwenye nyayo siku zote tatu. Mzee Masige akasema alimwona mbele, kwa sababu kijana ana macho mazuri, na ni yeye aliyezipata nyayo mahali zilipopotea kwenye kokoto. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba walipopita nyuma ya kiwanda cha pamba Wambura aliinamisha kichwa na kusema, "Hapa ndipo nisipotakiwa," halafu akaendelea.

Mwisho hakimu akamuuliza Wambura mwenyewe kama ana la kusema. Akasema, "Mheshimiwa, niliyavunja. Niliyakumbuka yote matatu nikiwa nakimbia. Sikujua nimwambie nani."

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Baada ya siku ile, kila mtu wa vijijini aliyeletwa kwangu nilimwandikia nyuma ya kadi yake jina la mwenyekiti wa kijiji na maagizo mepesi: likipigwa yowe, nenda, mwache mtu wa nyumbani amwambie mwenyekiti, mwenyekiti aniletee neno ndani ya siku tatu. Nilimuuliza pia kila mmoja, kabla sijaandika sharti lolote, ni jambo gani kwao linaweza kumwinua alfajiri bila hiari yake. Kwa wavuvi ni mtumbwi uliopinduka. Kwa wengine ni msiba wa ukweni. Wapo waliosema hakuna, na hao niliwaandikia pia. Miaka ilipobadilika, maduka yakajaa sabuni na vitenge, kiwanda kikachukuliwa na wenye mitaji, na makosa nayo yakabadilika: vijana wakaanza kuletwa kwangu kwa radio na baiskeli badala ya kitambaa cha mtoto. Lile swali sikuliacha, hadi siku nilipopewa barua ya kupunguzwa kazi pamoja na wenzangu. Nawaachia ninyi.

Hakimu alisoma uamuzi wake saa saba kasoro dakika kumi. Alisema sharti la silaha na sharti la Bunda yalivunjwa, lakini kwa sababu ambayo mtu mwenye akili katika nchi hii hawezi kuikataa, na kwa hayo hatatoa adhabu. Sharti la kuripoti ni jambo jingine. Yowe halikumzuia mshtakiwa kumwagiza mkewe asubuhi ileile amwambie mwenyekiti, na mwenyekiti atume neno. Kwa hilo moja atalipa faini. Amri ya uangalizi inaendelea kama ilivyokuwa kwa miezi kumi iliyobaki. Hati ya kukamata imefutwa.

Nyangeta hakuelewa neno "inaendelea", akanishika mkono wa koti na kuniuliza kama anaondoka naye. Nikamwambia ndiyo, mama, anaondoka naye sasa hivi.

Kwenye baraza Mzee Masige alifungua fundo la shuka lake atoe fedha ya faini. Wambura akamzuia mkono. Alisema, "Hapana, mzee. Ukilipa wewe, watu watasema nilifuata ng'ombe wako kwa malipo." Wale wanaume sita wakakubali kwa vichwa, na Mzee Masige akalifunga fundo lake bila kubishana. Niliingia tena ndani kumwombea muda. Hakimu akampa hadi Jumatatu ya kuripoti ya mwezi uliofuata.

Jumatatu hiyo alifika saa tatu kasoro dakika tano. Alikuwa amelima kibarua kwenye mashamba ya pamba ya watu wiki zote zile. Akaweka saini yake baada ya lile duara jekundu, kisha tukaenda pamoja kwa Mzee Ramadhani, ambaye alihesabu sarafu moja moja mezani, akaandika stakabadhi, akampa. Ile miaka miwili haikuguswa. Jambo zima lilimgharimu Wambura shilingi sitini.